Tunabishania kaa, damu imo bakulini



Ndugu msomaji, safari ni darasa, na darasa moja nililipata mezani. Nilikuwa mgeni katika jiji la Ho Chi Minh, kusini mwa Vietnam, pamoja na ndugu yetu mmoja mfanyabiashara. Njaa ilipotushika tuliingia kwenye mgahawa mdogo wa kando ya barabara unaouza bún riêu, yaani supu ya kaa yenye tambi za mchele.

Kaa wenyewe ni wale wadogo wa mashamba ya mpunga. Hutwangwa pamoja na magamba yao, wakatiwa maji, kisha wakachujwa. Maji yale yakichemka taratibu, nyama ya kaa huganda na kuelea juu kama mtindi. Huongezwa nyanya na tofu ya kukaanga, na pembeni huwekwa majani mabichi na uduvi uliochachushwa kwa chumvi.

Bakuli lilipoletwa, mwenzangu akasita. "Ustadh, kwani kaa si haramu?"

Swali lake lina msingi. Allah (s.w.) ametuhalalishia vya baharini (5:96), lakini maimamu wametofautiana kuhusu upana wa ruhusa hiyo. Mahanafi hawali mnyama wa majini isipokuwa samaki. Wamaliki wanamruhusu kaa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunaifuata, Imam Nawawi katika Minhaj amemtaja kaa pamoja na chura miongoni mwa wanaoishi nchi kavu na majini, hivyo ni haramu. Hata hivyo Baraza la Ulamaa la Indonesia, nchi ya Mashafi, mwaka 2002 liliwasikiliza wataalamu wa viumbe vya majini, kisha likatoa fatwa kuwa kaa ni halali maadamu hadhuru afya.

Tulibishana hivyo mpaka supu ikaanza kupoa. Ndipo nikaona vipande vya rangi ya hudhurungi chini ya tambi. Mwenzangu akasema, "Hayo ni maini tu." Nikamwita kijana mhudumu aliyejua Kiingereza kidogo. Akajibu bila kuficha: ni damu ya nguruwe iliyogandishwa, na supu imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Tukalipa, tukashukuru, tukaondoka bila kuonja.

Ndugu msomaji, hebu tuzingatie. Kuhusu kaa, wanachuoni wana kauli mbili. Kuhusu damu na nguruwe, Qur'an imekata shauri (5:3), wala hakuna imamu aliyetofautiana. Sisi tulitumia elimu yetu yote kwenye lenye hitilafu, na lisilo na hitilafu lilikuwa inchi mbili chini ya kijiko. Wangapi kati yetu hununiana msikitini kwa masuala ambayo maimamu walitofautiana wakiheshimiana, kisha mtu anatoka hapo kwenda kula riba au mali ya yatima?

Pengine mtu atasema msafiri ana dharura. Dharura iliyotajwa katika Suratul Baqara (2:173) ni ya aliyelazimika, hana budi. Njaa ya saa moja katika jiji lililojaa wali, mayai na matunda si dharura.

Wala chakula cha halali hakikosekani huko. Mtaa wa Dong Du katika jiji hilo upo msikiti uliojengwa mwaka 1935, na jirani yake ipo migahawa ya Waislamu. Wapo pia Waislamu wa kabila la Cham, hasa mkoa wa An Giang, nao ni Mashafi kama sisi. Msafiri ajifunze maneno matatu: "heo" ni nguruwe, "huyết" ni damu, na "chay" ni chakula kisichotiwa nyama wala samaki.

La mwisho ni adabu. Yule kijana hakutudanganya. Sisi ndio hatukuuliza mapema. Jina "supu ya kaa" lilitutosha, tukasahau kuuliza kilichomo chunguni. Kuuliza si aibu, wala si kumdharau mwenyeji. Uliza kwa upole kabla hujaagiza, na ukiambiwa kuna haramu, shukuru uondoke bila kukunja uso.

Tuanze na yaliyo wazi, kisha yenye hitilafu tuyajadili kwa hekima.

Wallahu a'alam.