Dashibodi ya gari la shamba: isimalizwe na jua wala sumu

Leo tuweke nyanya na vitunguu pembeni kidogo, tuongee gari. Siku ukitaka kuuza kirikuu au pikapu yako, mnunuzi wengi haanzi na injini. Anafungua mlango, anaona dashibodi imepauka na kupasuka, na hapohapo bei inashuka. Anajiuliza: kama ndani kuko hivi, oili je, ilikuwa inabadilishwa?

Adui wa plastiki ni jua na joto. Mionzi ya jua inaivunjavunja taratibu hadi inapauka na kuwa ngumu. Joto nalo linavukiza vilainishi vilivyochanganywa ndani yake. Ule ukungu wa mafutamafuta kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, sehemu yake inatoka huko. Gari likifungwa vioo juani, juu ya dashibodi panaweza kupita nyuzi joto 70. Wenye umwagiliaji wa matone mnalijua hili: mipira ile ni myeusi kwa sababu ina kaboni ya kuikinga na jua. Funika kitalu nyumba kwa nailoni ya kawaida ya dukani uone itafika wapi.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa. Egesha kivulini, dashibodi ipoe. Toa vumbi kwanza kwa brashi laini ya rangi, hasa kwenye matundu ya hewa na pembeni mwa redio. Msiruke hatua hii, maana vumbi la shamba lina mchanga, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu unapiga msasa. Halafu tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, chovya kitambaa laini, kamua sawasawa, futa. Rudia kwa maji matupu, kisha kausha. Usipulizie maji moja kwa moja, nyuma ya swichi kuna umeme.

Kioo cha geji ni plastiki, si kioo. Dawa ya vioo yenye amonia inaweza kukitia ukungu usiotoka. Petroli na thina zikae mbali kabisa. Hata dawa ya kuzuia mbu yenye DEET, ikibaki mkononi, inakula plastiki.

Sasa hapa tusikilizane. Viuatilifu havipandi mbele na dereva. Vile vya maji vilivyoandikwa EC vina viyeyusho vikali. Chupa ikivuja, inaharibu plastiki, inazama kwenye kiti, na wewe na mtoto uliyempakia mnavuta ile hewa wiki nzima vioo vikiwa vimefungwa. Viweke nyuma, kwenye boksi lenye kifuniko, vimesimama, mbali na chakula. Kama vimeshamwagika, fungua milango yote, vaa glavu, nyonya kwa mchanga mkavu, fuata maelekezo ya lebo, ndipo uoshe kwa sabuni mara kadhaa. Kapeti iliyolowa ing'oe tu, bei yake haifiki bei ya afya yako. Maji hayo yasiende mtoni wala kwenye mfereji. Na ovaroli ya kupulizia ivuliwe kabla ya kushika usukani, la sivyo unaipaka sumu dashibodi uliyoisafisha jana.

Baada ya kusafisha, paka kinga ya plastiki iliyotengenezwa kwa maji, yenye kuzuia mionzi, isiyong'aa. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Zile za kung'aa kama kiatu kipya zinaakisi jua kwenye kioo cha mbele, na barabara huioni vizuri. Mafuta ya kula na ya mgando yanakusanya vumbi tu. Usipake chochote cha utelezi kwenye usukani, pedali wala gia.

Ufa haufungwi na mafuta ya aina yoyote. Fundi anaweza kuujaza na kupaka rangi, au ununue kifuniko cha dashibodi. Ila palipoandikwa SRS pana mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Hapo pasigundishwe, pasifunikwe, pasiwekwe hata kitambaa cha urembo.

Kizuia jua cha kioo cha mbele kinasaidia kuliko dawa zote hizo. Huna hela? Kata katoni la saizi ya kioo, lisimamishe kila unapoegesha sokoni.