Maji Matamu Chini ya Mchanga

Somo la kusomwa nyumbani au katika kikundi

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yawaelea vizuri watu wa visiwa vya Lamu, ambao milango yao ya mbao yenye nakshi imesifiwa mbali. Walakini mwenye kuijua nchi ile ajua kwamba utajiri wake mkubwa hauko mlangoni, wala hauko ndani ya majumba ya mawe. Umefichwa mahali ambapo mgeni hupita bila kugeuza macho.

Shela ni mji mdogo ulio upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Lamu, mwendo usiotimia saa moja kwa miguu kutoka mji wa Lamu wenyewe. Wenyeji wake ni Waislamu, na Msikiti wao wa Ijumaa, wenye mnara mweupe uliochongoka, ulijengwa mwaka 1829. Nyuma ya mji huo vyaanza vilima vya mchanga, vikaufuata ufuo wa bahari kwa maili saba hivi. Juu yake hapana mashamba, ila majani magumu na vichaka vya hapa na pale. Mgeni akivitazama husema, "Hapa hapana kitu." Naye amekosea, kwa maana maji matamu ya Shela, na sehemu kubwa ya maji yanywewayo katika mji wa Lamu, hutoka chini ya mchanga ule ule anaoudharau.

Habari ya maji hayo ina mafundisho mengi kwa mtu atakaye kujenga tabia njema na kupata amani ya moyo. Kwa hiyo yafaa kwanza kuieleza kama ilivyo.

Jinsi maji yanavyokaa

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji yake ni ya mvua tu. Mvua inyeshapo juu ya ardhi ngumu, maji hutiririka upesi yakaingia baharini. Lakini mvua ile ile inyeshapo juu ya vilima vya mchanga huzama tone kwa tone, ikachujwa, ikashuka chini kabisa. Huko hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Ajabu yake ni kwamba maji hayo mawili hayachanganyiki upesi. Maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko maji ya mvua, basi maji matamu huelea juu yake mfano wa chombo baharini. Na kama chombo, sehemu yake kubwa imezama na haionekani.

Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walilichunguza jambo hili kila mtu mahali pake, na Herzberg alitoa maelezo yake mwaka 1901. Walionyesha kwamba katika nchi ya mchanga iliyo kando ya bahari, kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na futi 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo.

Hiyo ni baraka kubwa, lakini pia ni onyo. Maana maji ya juu yakipungua kwa futi moja, chumvi iliyo chini huanza kupanda, polepole, hata kuelekea futi 40. Atekaye kwa pupa haoni badiliko siku ile. Ndoo hujaa leo kama ilivyojaa jana. Atatambua siku ambayo chai yake ina ladha ya chumvi, na siku hiyo amekwisha kuchelewa. Kuitoa chumvi kisimani si kazi ya siku moja. Hungoja mvua za miaka.

Ndiyo sababu wenye kuujua mji wameonya mara nyingi kwamba vilima vya Shela visijengwe ovyo. Katika miaka ya karibuni nyumba za kustarehe na za wageni zimeongezeka sana huko, na kila anayetafuta kiwanja huona mchanga mtupu. Haoni kwamba anasimama juu ya mtungi wa majirani zake.

Mji uliohamwa

Ng'ambo ya mkono wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yako magofu ya mji wa Takwa. Mji huo ulisitawi katika karne ya 16 na ya 17. Msikiti wake ungali wasimama bila dari, na nje ya ukuta liko kaburi lenye nguzo ambalo maandishi yake yataja mwaka unaolingana na 1681 au 1682. Baada ya hapo watu waliuhama, nao husemwa kuwa walivuka maji wakakaa Shela. Juu ya sababu, wengine hutaja ugomvi na watu wa Pate, na wengine husema visima viliingia chumvi. Hata baada ya kuhama, watu wa Shela waliendelea kuvuka kwenda Takwa kuzuru kaburi la wazee na kumwomba Mungu mvua.

Mtu akisimama katikati ya kuta zile nzito ataona kwamba mawe peke yake hayakutosha kuuweka mji. Ukuta waweza kubaki imara na msikiti ukabaki umesimama, lakini kama ugomvi umeingia ndani au maji yamegeuka, watu hawawezi kukaa.

Mchanga na kazi yake

Wakristo wengi walijifunza tangu utoto ule mfano wa Bwana Yesu juu ya watu wawili waliojenga, mmoja juu ya mwamba na mwenziwe juu ya mchanga. Fundi wa Lamu, ajengaye kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ataufahamu bila kuelezwa. Lakini tukiufikiri vema, mfano ule haukusema kwamba mchanga ni kitu kibaya. Ulimlaumu mtu aliyeutaka mchanga ufanye kazi isiyo yake. Mchanga haubebi nyumba. Kazi yake, kama Shela inavyofundisha, ni kupokea mvua na kulinda maji.

Katika maisha ya kila mtu ziko sehemu zilizo kama mchanga ule. Ni saa ya kunyamaza asubuhi kabla ya kelele za siku. Ni maongezi ya jioni barazani yasiyo na faida ya fedha. Ni siku ya Bwana iliyowekwa kando na biashara. Ni ule muda mfupi mtu anapovuta pumzi kabla ya kulijibu tusi. Mwenye haraka huzitazama akasema, "Hapa hapana kitu," kisha huzijenga zote. Huongeza kazi juu ya kazi, deni juu ya deni, mkutano juu ya mkutano, hata isibaki nafasi moja iliyo wazi. Halafu hushangaa kwamba Neno la Mungu lamwangukia kila juma kama mvua, wala halizami. Hutiririka likaenda zake.

Tabia njema haipatikani kwa siku moja wala kwa hotuba moja. Haba na haba hujaza kibaba. Ukweli mdogo uliosemwa dukani, ahadi ndogo iliyotimizwa, neno kali lililozuiwa ulimini: hayo ndiyo matone. Hakuna ayaonaye yakishuka, lakini wakati wa kiangazi ndiyo yatakayonywewa.

Kikombe kilichovunjika

Tumfikirie mtu wa mfano, karani wa ofisi katika mji wowote. Ni mtu mwema. Kila ndugu mwenye shida humwendea, na kila kazi iliyowashinda wengine hutupwa mezani pake. Asubuhi hutoka bila sala kwa kuwa amechelewa. Jioni hurudi akiwaza hesabu. Kwa muda wa miaka miwili watu humsifu, kwa kuwa ndoo zao hujaa. Kisha siku moja mtoto wake aangusha kikombe, naye karani apaza sauti na kumpiga kwa ukali ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kuuona. Mkewe asimama mlangoni asijue la kusema. Mtoto ajificha chini ya kitanda.

Watu watasema kikombe kilimkasirisha. Sivyo. Ile ni chumvi iliyokuwa ikipanda tangu zamani, na siku ile ilifika juu ya kisima.

Je, karani huyu afanyeje? Wengine watamshauri afunge mlango asimsaidie mtu tena. Lakini kisima kisichotekwa hakina faida, na Mkristo hakupewa maji ili ayaangalie. Shauri lililo bora ni kuteka kwa kiasi, na kurudisha nafasi ya mvua kuingia. Hata Injili zatuambia kwamba Bwana Yesu, aliyesongwa na makutano, aliondoka alfajiri akaenda peke yake mahali pasipo watu akaomba. Watu walikuwa wakimtafuta bado, wala haja zao zilikuwa hazijakwisha. Na karani aanze kwa kumwita mtoto, amwambie wazi kwamba amemkosea. Neno hilo ni gumu kwa baba, lakini ndilo tone la kwanza.

Ushindi na amani

Watu wengi hudhani ya kuwa watapata amani wakiisha kumshinda yule anayewasumbua. Shela ina habari juu ya hilo pia. Karibu na mwaka 1812 jeshi la Mombasa, chini ya Wamazrui, pamoja na watu wa Pate lilishuka Shela kutaka kuutiisha mji wa Lamu. Watu wa Lamu wakalipiga. Walioshindwa wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama juu ya mchanga. Wengi wakafa pale ufuoni.

Lamu ilishinda, lakini haikulala usingizi. Kwa kuogopa kisasi, wakuu wake walimwomba Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde, naye akaleta liwali na askari. Hivyo mji uliopigana usitawaliwe na Mombasa ukapata mtawala mwingine kutoka mbali zaidi. Ushindi ulikuwa wa siku moja, na hofu yake ikazidi ushindi wenyewe.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, mna habari nyingine ya visima. Isaka alichimba kisima katika bonde la Gerari, na wachungaji wa nchi wakamgombea. Akakiita jina la ugomvi, akaenda zake. Akachimba cha pili, wakakigombea nacho. Akakiita jina la uadui, akaondoka. Akachimba cha tatu, wala hapana aliyekigombea. Akakiita Rehobothi, maana yake nafasi. Isaka hakuwa mnyonge. Mfalme mwenyewe alikiri kwamba alikuwa na nguvu kuliko wao. Baadaye mfalme yule yule aliyemwambia aondoke alimjia akitaka wafanye agano la amani.

Maandiko hayamkatazi mtu kudai haki yake mbele ya mahakama au baraza la wazee. Lakini kabla ya kuanza shauri lolote yampasa mtu ajiulize: nikishinda, nitalala usingizi? Maana viko visima ambavyo gharama ya kuvigombea ni kubwa kuliko maji yaliyomo, na mwenye nguvu ya kuchimba kingine hana haja ya kufa juu ya kile cha kwanza.

Mambo ya kutenda

Anayetaka kuyaweka mafundisho haya mioyoni na aanze na machache. Kila asubuhi aweke robo saa ya kunyamaza na kuomba, kabla ya kuzungumza na mtu juu ya kazi. Akichokozwa, angoje kwanza. Jibu la kesho halijapata kumwua mtu. Akikopa, akope kiasi anachoweza kulipa, kwa kuwa deni huteka maji ya miaka ijayo. Akikosa, aungame siku ile ile, chumvi isipate kupanda. Na atazamapo mtu mnyamavu, asiyejionyesha, asiseme upesi, "Hapa hapana kitu."

Maswali ya kufikiri

1. Ni sehemu gani ya maisha yako uliyoijenga yote, hata mvua haina pa kuingia?

2. Ni nani anayekunywa katika kisima chako kila siku, naye ataumia kwanza kikiingia chumvi?

3. Liko shauri unaloligombania sasa? Ukilishinda, litakupa amani, au litakupa mlinzi wa kukaa naye usiku kucha?