PLOTA YA KALAMU: JINSI YA KUITAYARISHA

Mwaka huu nimeonelea niwapeleke katika chumba cha Uchoraji, maanake wengi hudhani mambo ya huko hayawezi kuelezwa kwa Kiswahili. Hebu tujaribu.

Plota ni nini? Ni mtambo unaochora kwa kalamu halisi, mstari baada ya mstari, jinsi wewe uchoravyo kwa rula. Printa haifanyi hivyo. Printa hujaza karatasi kwa vitone. Yetu ni HP 7475A, mtambo wa miaka ya 1980 wenye nafasi za kalamu sita, nao huchora kwenye karatasi za A4 na A3. Tulipewa na ofisi moja iliyokuwa ikihama. Siku hizi maofisi hutumia plota za kunyunyiza wino, lakini kwa mwanafunzi hii ya zamani ni mwalimu tosha. Unaona kwa macho yako kalamu ikienda kulia na kushoto, na karatasi ikienda mbele na nyuma.

Muhula wa kwanza plota hii ilitaka kututoa machozi. Tulikuwa tumechora ramani ya maabara kwa ajili ya siku ya wazazi. Ikachora kuta mbili vizuri, kisha ikaanza kupiga mistari ovyo kama mlevi. Fundi aliyeitwa aliitazama akasema, "Mwalimu, hiki ni chuma chakavu. Kiuzeni kwa kilo." Mwalimu wetu akamwomba atupe wiki moja tu. Kumbe mtambo ulikuwa mzima! Tatizo ni kwamba plota na tarakilishi hazikuwa zikisikizana. Basi haya ndiyo tuliyojifunza wiki ile.

1. Karatasi na kalamu
Ingiza karatasi ikiwa imenyooka, kisha ushushe wenzo ili magurudumu yaibane. Ikiingia upande, mchoro wote utakuwa upande. Jaribu kila kalamu kwa mkono kabla ya kuiweka mahali pake. Kalamu iliyokauka haitoi wino hata uamrishe vipi. Ukimaliza kazi, rudisha vifuniko.

2. Lugha moja
Nyuma ya plota kuna swichi ndogo ndogo. Hizo ndizo huamua kasi ya mazungumzo. Sisi tumechagua 9600, biti 8, bila pariti. Tarakilishi nayo lazima iambiwe hivyo hivyo. Mmoja akisema kwa 9600 na mwingine akisikiliza kwa 2400, hapo hakuna maelewano. Kumbuka kwamba plota husoma swichi hizo inapowashwa tu. Ukizibadilisha, izime kisha uiwashe tena.

3. Waya wa "ngoja"
Hapa ndipo tulipoangukia. Plota yetu ina kumbukumbu ndogo sana, baiti 1,024 tu. Kwa kasi ya 9600, tarakilishi hutuma takriban herufi 960 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe: kumbukumbu hujaa kwa muda unaozidi sekunde moja kidogo tu! Kalamu nayo bado iko kwenye ukuta wa kwanza. Ni sawa na kufungulia bomba la shule lote ndani ya kikombe. Maji yatamwagika, na amri zinazomwagika ndizo kuta zinazopotea.

Kwa hivyo plota lazima iweze kusema "ngoja" na "haya, leta". Huyasema hayo kupitia sindano ya 20 ya soketi yake. Kebo yetu ilikuwa na nyaya tatu pekee: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Plota ilikuwa ikilia "ngoja, ngoja", lakini hakuna aliyeisikia. Tuliongeza waya mmoja kutoka sindano ya 20 hadi sindano ya 8 upande wa tarakilishi, tukaiamuru tarakilishi iutii, na ugonjwa ukaisha. Tarakilishi mpya nyingi hazina soketi ya aina hii, kwa hivyo utahitaji adapta ya USB. Hakikisha adapta hiyo inapitisha waya huo pia.

4. Jaribio dogo
Usikimbilie mchoro mkubwa. Haraka haraka haina baraka. Andika mstari huu katika faili ya maandishi matupu, kisha uutume:

IN;SP1;PU;PA1000,1000;PD;PA3000,1000;PA3000,3000;PA1000,3000;PA1000,1000;PU;SP0;

Hii ni lugha ya HP-GL. IN ni kuanza upya, SP1 ni kushika kalamu ya kwanza, PU ni kuinua kalamu, PD ni kuishusha, na PA ni kwenda mahali palipotajwa. SP0 huirudisha kalamu mahali pake. Vipimo 40 ni milimita moja, kwa hivyo utapata mraba wa sentimita 5. Upime kwa rula. Mraba ukitoka sawa, ujue kebo na swichi hazina lawama kubwa.

5. Programu ya kuchorea
Sasa fungua programu yako. Chagua jina la plota yako, poti na ukubwa wa karatasi. Kisha zipe rangi kalamu zake. Katika AutoCAD, rangi nambari 1 ni nyekundu, 2 ni manjano na 3 ni kijani. Lakini plota haijui rangi, inajua nambari ya kalamu tu. Ukiweka kalamu ya buluu kwenye nafasi ya 1, mistari "nyekundu" itatoka buluu, na usimlaumu mtu.

Halafu kuna skeli. Maabara yetu ni mita 15 kwa 9. Kwa 1:50 inakuwa sentimita 30 kwa 18, nayo inaenea kwenye A3. Kwa A4 ilibidi tutumie 1:100. Mwisho, mistari ikitoka hafifu, punguza mwendo wa kalamu. Plota hii inaweza kufika sentimita 38 kwa sekunde, lakini si kila kalamu inaweza kuifuata.

Siku ya wazazi ramani ilikuwa ukutani, na yule fundi alikuja kuitazama. Aliuliza tulinunua kipuri gani. Mwalimu akamwonyesha waya mmoja.

Wasomaji wapenzi, kabla ya kusema mtambo umekufa, uliza kwanza kama kuna anayeusikiliza.

Zoezi
(a) Badilisha amri za hapo juu ili upate mraba wa sentimita 6.
(b) Darasa lina urefu wa mita 8. Kwa skeli ya 1:50, litachorwa kwa sentimita ngapi?
(c) Eleza kwa maneno yako kwa nini mraba mdogo unaweza kutoka vizuri hata kama waya wa "ngoja" haupo.