SOMO LA MWEZI HUU: NYUMBA BAADA YA MAZISHI



Mwezi huu twajifunza neno ambalo wengi hawapendi kulisema mwenye nyumba angali hai, maana laonekana kuwa uchuro. Mtu akiisha kuzikwa, nyumba yake huwa ya nani?

Tazameni mambo yaendavyo huku kwetu Mchukwi na Kibiti, hata kule delta. Tanga likiisha kuanuliwa, ndugu hukaa kikao cha ukoo. Nguo hugawiwa, madeni hutajwa, minazi na mikorosho huhesabiwa. Ikifika zamu ya nyumba, maneno huanza. Mmoja asema bati alilileta yeye kutoka Dar es Salaam. Mwingine asema kiwanja ni cha babu. Mjane, aliyechota maji ya kukandia udongo wa kuta hizo, yumo ndani na majonzi yake, wala haulizwi.

Basi tushike hili kwanza: kikao cha ukoo hakina uwezo wa kumpa mtu nyumba. Kazi yake ni kupendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo imteuayo msimamizi. Akiteuliwa na mahakama ya mwanzo, ana miezi minne ya kuleta orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Msimamizi si mrithi kwa kuwa msimamizi. Wako waliopokea barua ya mahakama wakaidhania kuwa ni hati ya nyumba, wakaiuza na watoto wa marehemu wangali wamelala ndani. Huo ni wizi, hata kama aliyeuza ni baba mdogo.

Lililo gumu zaidi ni kujua sheria ipi itafuatwa. Mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi. Kwa Mwislamu, mjane hupata thumuni ikiwa mume ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Kwa mila, liko Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandikwa kwa koo za kuumeni. Hilo lamnyima mjane fungu ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo. Eti fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba walizoishi na waume zao, walishtaki jambo hili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hiyo yabagua, lakini haikuifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba haki zao zimevunjwa.

Lakini sisi wa vijijini tusikate tamaa upesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila yoyote imnyimayo mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mjane uhuru wa kukaa apendapo. Hakuna wa kumrithi kama kiti. Mambo haya ni ya zamani: someni Hesabu 27, mwone mabinti watano wa Selofehadi walivyosimama mbele ya Musa na wazee wote kudai urithi wa baba yao.

Tena huku kwetu nyumba nyingi zina Wakristo na Waislamu chini ya paa moja. Kwa fikihi, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, ila wosia waweza kumfikia mtu asiye mrithi kwa kiasi cha theluthi. Kwa ajili hiyo wosia ni wa lazima kwetu kuliko kwa wengi. Kwa mila, wosia wa mdomo wataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Ulio bora ni wa maandishi.

Andika kiwanja kilipatikanaje, na mwenzio wa ndoa alichangia nini katika ujenzi. Taja miti ya uwanjani ni ya nani, kwa kuwa mnazi waweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Nakala moja isikae nyumbani, maana sanduku la marehemu ndilo lifunguliwalo kwanza. RITA hupokea wosia na kuutunza.