Kompyuta Inavyopima Vilima kwa Picha

Inua kidole mbele ya uso, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Kidole kimehama sana. Mti ulio mbali haukuhama. Basi siri yote ni hiyo.

Eropleni ya kupima nchi hupiga picha, huenda mbele, hupiga nyingine, na picha hizo hushirikiana sehemu 60 katika 100. Tuseme iko meta 3,000 juu ya bonde, kamera yake ni ya fokasi milimita 152, na kati ya picha mbili imekwenda meta 1,800. Kilele cha kilima cha meta 100 kitahama katika filamu kuliko bonde kwa milimita 3 hivi.

Hesabu si ngumu. Taabu ni kuipata alama ile ile katika picha zote mbili. Zamani mtu alishinda kutwa akichungulia katika lenzi mbili. Miaka ya 1950 Gilbert Hobrough wa Kanada alianza kuzilinganisha picha kwa umeme, na siku hizi kazi ni ya kompyuta. Picha ni vitone, na kila kitone kina namba: 0 ni cheusi kabisa, 255 ni cheupe kabisa. Kompyuta hutwaa kipande, labda vitone 11 kwa 11, ikakipitisha juu ya picha ya pili mpaka ione namba zinazofanana nacho zaidi. Hufanya hivyo mara mamilioni, wala haichoki.

Lakini haijui kilima ni nini! Juu ya ziwa tulivu kila kipande chafanana na jirani yake, nayo hubahatisha. Katika shamba la chai yaweza kudhani safu ya tatu ndiyo ya nne.

Mimi nami niliaibika. Mwaka jana tulikuwa tukichota maji kwa madumu, tukauliza kama maji ya chemchemi yaweza kuteremka kwa bomba hadi jikoni bila pampu. Nikaitazama ramani ya namna hii, nikatangaza mbele ya darasa kwamba haiwezekani, maana njiani kuna kigongo kilichoizidi chemchemi kwa meta 9. Mwalimu hakubishana nami; alinipeleka huko kwa miguu. Hapakuwa na kigongo. Palikuwa na mikaratusi. Kompyuta ilikuwa imepima majani, kwa kuwa ndiyo iliyoyaona.

Tukapima upya kwa mpira mwembamba uliojaa maji, hatua kwa hatua, siku mbili nzima. Chemchemi iko juu ya jiko kwa meta 6. Jumamosi iliyofuata tulianza kuchimba mtaro, na mimi nikapewa sehemu yenye mizizi.