Sungura Aliyezeeka: Utamtunzaje, na Utajuaje Kwamba Wakati Wake Umefika?

Mkulima, katika banda lako pengine yumo sungura mmoja aliyekaa kuliko wengine wote. Hazai tena, wala haendi sokoni, ila watoto wamempa jina, na kwa sababu hiyo hakuna mtu wa nyumba anayethubutu kumtia katika sufuria. Somo la mwezi huu ni juu ya huyo.

Sungura wa kufugwa akitunzwa vema huishi miaka 8 hata 12. Wengi hawaijui hesabu hii, maana majike ya kuzalisha huondolewa mapema. Basi mtoto aliyepewa sungura akiwa darasa la kwanza huenda akawa naye mpaka amalize shule ya msingi. Kuanzia mwaka wa tano au wa sita mhesabu kuwa mzee, nawe ubadili namna ya kumtazama.

Yafaa ujue kwanza kwamba sungura ni mnyama wa kuwindwa, na kwa asili yake huficha maumivu. Mbuzi mgonjwa atalia. Sungura huketi pembeni kimya, mgongo ameukunja, macho nusu yamefumba, na ukitega sikio utasikia akisaga meno kwa nguvu. Ukingoja alie utakuwa umechelewa. Kwa hiyo tazama chakula chake, mavi yake na uzito wake.

Chakula na mavi yaangaliwe kila asubuhi. Tumbo la sungura halifai kusimama, na yeye hawezi kutapika. Akipitisha nusu siku hali wala hatoi mavi, usingoje mpaka kesho. Mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Uzito upimwe kila juma: mtie katika kikapu, mpime kwa mizani, uandike. Sungura wa kilo 3 akipungua gramu 300 amepoteza sehemu moja katika kumi ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 7, nawe ungemwuliza mtu huyo ana nini.

Mara nyingi jibu ni meno. Meno ya sungura hukua siku zote za maisha yake. Yale ya mbele huongezeka milimita 2 au zaidi kwa juma. Yasiposagana vizuri humchoma ulimi na mashavu. Utamwona anakijia chakula kwa hamu, kisha anakiacha, na kidevu kimelowa mate. Usiyakate kwa koleo, maana jino hupasuka mpaka kwenye mzizi. Hiyo ni kazi ya daktari. Kinga yake ni nyasi kavu nyingi kila siku, kuliko mboga na kuliko chakula cha dukani.

Sisi wa mashamba ya baridi, kama Kinangop na Ol Kalou, tuangalie viungo vyake. Sungura mzee huumwa magoti na mgongo, na sakafu ya waya humtoa vidonda vya nyayo. Mwekee ubao na majani makavu mengi, na bakuli la maji liwe chini asilazimike kujinyosha. Kadhalika, mzee asiyeweza kujipinda hawezi kujisafisha. Mkojo na mavi hugandamana nyuma, nzi hutaga hapo, na mabuu humla angali hai kwa muda wa siku moja au mbili. Mgeuze umtazame kila siku.

Jike lililopita miaka 4 bila kuondolewa kizazi hupatwa mara kwa mara na uvimbe wa tumbo la uzazi. Mkojo wa sungura huweza kuwa mwekundu kwa ajili ya majani aliyokula, basi usiogope rangi peke yake. Lakini ukiona mabonge ya damu, mwite daktari. Wala usimnyweshe vidonge vilivyobaki vya watu. Amoksilini na jamaa zake zote za penisilini, zikipita mdomoni, huvuruga tumbo la sungura na kumwua.

Sasa tuje kwenye neno gumu. Katika nyumba nyingi baba husema achinjwe, mtoto hulia, na shauri huahirishwa mwezi baada ya mwezi. Katika miezi hiyo anayeumia ni sungura. Fanya hivi: chukua daftari, mwandike pamoja na mtoto mambo manne ambayo sungura alikuwa akiyapenda, kama kukimbilia majani asubuhi, kujilamba, kulala amejinyosha, kumjia mtu mlangoni. Kila jioni muandike siku ilikuwa njema au mbaya. Siku mbaya zikizidi njema, na daktari akisema hana dawa ya kumrudisha, wakati umefika. Uamuzi ni wako wewe mzazi. Usimtwike mtoto wa miaka tisa mzigo huo.

Daktari humlaza kwanza kwa dawa, kisha humpiga sindano ya mwisho, naye hasikii kitu. Mzoga huo usiliwe, wala usipewe mbwa, kwa kuwa dawa ingali mwilini. Pasipo daktari, mwite mtu mwenye mkono uliozoea kuchinja sungura, afanye mara moja, mbali na wengine. Kumwacha afe njaa, kumtupa porini au kumzamisha majini ni ukatili. Na usimwambie mtoto kwamba ametoroka; atamtafuta vichakani juma zima.

Mzike chini sana, karibu mita moja, mbwa wasimfukue. Lakini kama alikuwa na mwenzake bandani, kwanza mwache mwenzake amnuse kwa muda. Kisha angalia chakula cha huyo aliyebaki kila asubuhi, kwa maana wengine wakifiwa huacha kula.