SOMO LETU: TAIRI KUBWA NA SPIDOMITA INAYODANGANYA



Katika shamba moja la mkonge nilikoitwa kusuluhisha, dereva wa lori alikuwa amekwisha andikiwa barua ya kuachishwa kazi. Kosa lake liliitwa wizi wa dizeli. Kila safari, daftari la karani lilionyesha upungufu wa lita 8. Dereva aliapa kwamba hakuuza hata tone. Karani naye hakuwa mwongo. Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Basi mwizi alikuwa nani? Alikuwa tairi. Tujifunze jambo hili, lisije likampata mwenzetu mwingine.

1. Spidomita inahesabu nini?

Wengi wetu tunadhani spidomita inapima barabara. Sivyo. Inahesabu mizunguko tu. Katika malori ya zamani, waya unaozunguka unatoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Huko unazungusha sumaku, na nguvu ya sumaku ndiyo inayousogeza mshale. Waya huo huo unazungusha na namba za kilomita. Katika magari ya siku hizi kazi hii inafanywa kwa umeme, lakini kinachohesabiwa bado ni mizunguko.

Waliotengeneza gari walikwisha pima tairi lake: likizunguka mara moja, gari linakwenda sentimita kadhaa. Spidomita inashika hesabu hiyo siku zote. Ukifunga tairi kubwa zaidi, yenyewe haina habari.

2. Hesabu yenyewe

Tairi za kwanza za lori lile zilikwenda sentimita 300 kwa mzunguko mmoja. Baadaye gereji ilifunga tairi kubwa ili lori lipite kwenye tope. Hizo zilikwenda sentimita 324. Ongezeko ni sehemu 8 katika kila 100. Basi:

Mshale ukisema 50, lori linakwenda 54. Mshale ukisema 75, lori linakwenda 81.

Namba zikisema kilomita 300, lori limekwenda kilomita 324.

Lori hilo linakula lita 1 kwa kilomita 3. Kwa kilomita 324 lilikunywa lita 108. Karani alisoma kilomita 300, akahesabu lita 100. Hizo lita 8 hazikuibwa. Zilichomwa barabarani, katika kilomita 24 ambazo hazikuandikwa. Na kama dereva analipwa posho kwa kilomita, basi kilomita hizo 24 amezifanya bure.

3. Hatari kwa wanaopanda nyuma

Jambo hili si la madereva peke yao. Wafanyakazi wengi husafirishwa kwa lori. Mwendo ukizidi kwa sehemu 8 katika 100, masafa ambayo gari linakwenda baada ya breki kushika yanaongezeka kwa karibu sehemu 17. Dereva anadhani ametii kibao cha barabarani, kumbe amekivuka. Polisi akimsimamisha, faini ni yake, wala si ya aliyeagiza tairi. Ndiyo maana Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi kwa magari mapya, inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko mwendo wa kweli.

4. Namna ya kupima

Huhitaji fundi mkubwa. Chukua chaki na futi ya kamba. Lori liwe na mzigo, tairi ziwe na upepo wa kutosha, na mahali pawe tambarare. Piga alama kwenye tairi la nyuma linalosukuma gari, na nyingine chini mbele yake. Sogeza lori polepole mpaka tairi lizunguke mara 5, pima masafa, kisha gawanya kwa 5. Linganisha na tairi za asili. Njia nyingine ni nguzo za kilomita barabarani: ukipita kilomita 10 na spidomita ikasema 9 na robo, umepata jibu.

Tulifanya hivyo mbele ya meneja. Barua ile ilifutwa.

5. Tudai nini?

Tairi za namba nyingine zikifungwa, spidomita irekebishwe kabla ya lori kutoka gereji. Isiporekebishwa, tofauti iandikwe kwenye daftari la safari, dereva na karani watie sahihi. Nasi tuwe waaminifu: tairi dogo, au lililolika, huongeza kilomita za uongo kwa faida yetu. Hizo nazo tuziseme. Anayedai haki kwa kipimo kimoja hana wa kumsuta.

Maswali ya kujadili tawini

1. Mshale unasema 60 katika lori lile. Mwendo wa kweli ni kiasi gani?
2. Ni magari mangapi ya kazini kwenu yamebadilishiwa tairi?
3. Nani kati yenu amewahi kukatwa mshahara kwa upungufu wa mafuta? Je, tairi zilipimwa?

Umoja ni nguvu.